Bega la Beatrice

Mwalimu hakupenda neno "nitajaribu." Ukimwambia kesho utajaribu kuja, alikutazama juu ya miwani yake kama mwanafunzi aliyeleta daftari tupu, halafu akakuuliza, "Unajaribu kuja, ama unakuja?" Alikuwa amestaafu kazi ya kufundisha sekondari zamani, lakini mtaa wetu wote wa Kitale uliendelea kumwita Mwalimu. Nami nitamwita hivyo hivyo. Jina lake sioni kama nina haki ya kulitaja, baada ya nililomfanyia.

Alitufundisha yoga ndani ya ghala la mahindi nyuma ya nyumba yake. Tulikuwa wanawake sita, na tulianza saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, Jumatatu mpaka Jumamosi. Ghala lilinuka vumbi la mahindi na dawa ya fukusi. Tulitandika magunia sakafuni, juu yake mikeka ya plastiki, na juu ya mikeka tukalala sisi, watu wazima wenye trakisuti za watoto wetu. Mavuno yakija na ghala likijaa, tulihamia barazani kwake, juu ya lile turubai la kuanikia mahindi. Mwezi wa saba, baridi ya Kitale inapouma mpaka kwenye meno, alituruhusu kufanya tukiwa na soksi na kofia. Kukosa ndiko hakukuruhusu.

Yoga yenyewe alifunzwa na mama mmoja Mhindi aliyekuwa na duka la vitambaa mjini, enzi ambazo mgongo wa Mwalimu ulimkatalia hata kuandika ubaoni. Walifunga duka wakati wa chakula cha mchana, wakalala katikati ya majora ya vitambaa, wakajinyoosha. Yule mama alipohama, Mwalimu aliendelea peke yake, halafu akaanza kutuvuta sisi mmoja mmoja, kila aliyemwona anatembea ameshika kiuno.

Mikao yote aliipa majina yake. Ule wa kuinama huku umeshika sakafu kwa viganja aliuita "kuokota maharagwe." Wa kusimama kwa mguu mmoja aliuita "korongo," kwa sababu alisema hakuna ndege anayeringa shambani kama korongo. Ule wa mwisho, wa kulala chali na kutulia, aliuita "kushukuru," na hapo ndipo alipotembea katikati yetu akitufunika shuka mmoja mmoja.

Kanisani walimsema. Siku moja baada ya ibada mama mmoja alimsimamisha mbele yetu akamuuliza kama ni kweli anaabudu miungu mingine kule ghalani.

"Kule tunapumua, mama," Mwalimu akamjibu. "Kama kupumua ni dhambi, basi hapa hakuna atakayepona."

Jumatatu iliyofuata alituombea kabla hatujaanza. Aliomba kwa sauti kubwa kuliko kawaida, dirisha la upande wa barabara likiwa wazi.

Lakini asije mtu akadhani alikuwa mtakatifu. Alitufundisha utulivu, huku yeye mwenyewe akigombana na nusu ya mtaa. Nakumbuka asubuhi moja tumelala kwenye "kushukuru," macho yamefungwa, na yeye anatuambia kwa sauti laini tuache mabega yazame. Simu yake ikalia. Alikuwa mwenye mashine ya kupukuchua mahindi, aliyekuwa amemwahidi kuja juzi yake. Mwalimu alitoka nje akamfokea mpaka kuku wakakimbia. Kisha akarudi, akafunga mlango polepole, akaendelea kwa sauti ile ile laini, "Sasa acha na taya pia lizame." Mama Wafula, jirani yangu mwenye goti bovu, alicheka mpaka akashindwa kulala chali.

Tena alikuwa na ugonjwa wa sukari, na alikula mandazi kwa kujificha. Alikuwa akiyafunga kwenye gazeti na kuyaficha nyuma ya pipa la maji. Sote tulijua. Siku moja nilimkuta anatafuna moja, shavu limejaa, akaninyooshea kidole. "Usiseme kitu. Mwili huu umenitumikia tangu alfajiri."

Kuhusu kazi na ugonjwa alikuwa na sheria moja tu, na aliirudia mpaka tukaichoka. Siku nzuri, saa nzima. Siku mbaya, dakika saba. Siku mbaya sana, pumzi saba, hata ukiwa kitandani. "Lakini siku isiyo na kitu haipo," alisema. "Ukiwa na nguvu ya kunieleza kwa nini hukufanya, basi ulikuwa na nguvu ya kufanya."

Na alikuwa akiiishi. Aliwahi kupata homa ya matumbo, uso umekuwa kama majivu, na bado tulipofika tulimkuta amelala kwenye mkeka wake ghalani. Hakuinua mkono. Alituongoza kwa sauti tu, akinyamaza katikati ya maneno ili apate pumzi. Tulipomwambia arudi ndani akalale alisema, "Si hata hapa nimelala?"

Mimi nina duka la mbegu na mbolea. Nilianza kwenda kwake kwa sababu ya mgongo, maana miaka ya mwanzo nilikuwa nikipakua magunia mwenyewe. Mwaka wa tatu nilifanyiwa upasuaji wa uvimbe kwenye kizazi. Nikarudi nyumbani nimekatwa tumbo, siwezi kucheka wala kukohoa. Mwalimu alikuja kila asubuhi kwa wiki mbili, akishamaliza na wale wengine. Alivuta kiti kando ya kitanda changu, akashika kifundo cha mkono wangu, na tukapumua pamoja mara saba. Basi. Hakuuliza habari za hospitali wala hakuleta maneno ya kunifariji. Alipumua nami, akanywa chai bila sukari, akaenda zake. Siku ya nane nililia. Alinisubiri nimalize, halafu akasema, "Zile hazikuwa pumzi. Anza tena."

Nayasema haya ili ijulikane kwamba nilimjua vizuri. Sikumdanganya mtu baki.

Figo zake zilianza kufeli mwaka ule mvua zilipochelewa. Daktari akasema lazima awe akisafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa wiki, na binti yake, ambaye ameolewa Bungoma, akasema hawezi kumwacha Kitale peke yake. Nyumba ikabaki na shemeji yake anayelima shamba. Asubuhi ya kuondoka Mwalimu alinipa ufunguo wa ghala.

"Mama Brian," akaniambia, "wewe ndiwe unayefika mapema. Usiwaache."

"Siwezi kuwaacha, Mwalimu."

"Mimi nitakuwa nafanya kule saa ile ile. Nitajua mko hapa. Hiyo itanitosha."

Wiki ya kwanza tulikuwa sita. Ya pili, wanne. Mama Wafula alianza kusema goti linauma. Mwingine alipata zamu za asubuhi kazini. Bila Mwalimu kututazama juu ya miwani, kitanda kilikuwa kitamu zaidi. Mwezi wa tatu, mwezi wa kupanda, ukaingia, na kwa mtu wa duka la mbegu huku kwetu Trans-Nzoia mwezi wa tatu hauna asubuhi wala jioni. Wakulima walikuwa wakinigongea mlango kabla sijanawa uso. Siku moja sikwenda kufungua ghala. Kesho yake nikamkuta Mama Wafula barabarani, naye akaniambia kwamba hata yeye jana hakwenda. Tukacheka. Huo ndio ulikuwa mwisho wa darasa. Hakuna aliyeamua, na mimi niliyeachiwa ufunguo niliutupa kwenye droo ya duka pamoja na kalamu zisizoandika.

Mwalimu alikuwa akinipigia simu kila Jumamosi mchana. Jumamosi ile aliniuliza, "Leo mlikuwa wangapi?"

Dukani kulikuwa na watu. Nilikuwa na gunia mkononi na simu begani. Nikasema, "Sita."

Nilikuwa na nia ya kurekebisha. Nilijiambia Jumatatu nitawakusanya, na lile neno litakuwa kweli hata kama limechelewa. Jumatatu sikuwakusanya. Jumamosi akapiga tena, na sasa ningesema nini? Ati walikuwa sita wiki iliyopita, wiki hii wamekufa wote? Nikasema, "Sita, Mwalimu."

Uongo unahitaji kulishwa. Mwalimu hakuwa mtu wa kuuliza hesabu akanyamaza. Alitaka kujua goti la Mama Wafula linakunja mpaka wapi. Nikalikunja zaidi kila mwezi. Aliuliza nani anachelewa. Nikamtafutia mchelewaji. Halafu Jumamosi moja nilimsikia sauti imechoka sana, ametoka kwenye mashine jana yake, na kwa kutaka kumfurahisha nikamwambia tumepata mtu mpya.

"Nani?"

"Anaitwa Beatrice. Anauza mitumba."

"Ana shida gani?"

Nilitazama mbele yangu. Mteja alikuwa akijipakia mfuko begani. "Bega," nikasema. "La kulia."

Sijawahi kumsikia akifurahi vile. Tangu siku hiyo hakuna Jumamosi iliyopita bila bega la Beatrice. Alinipa mazoezi yake. Alinikataza nisimwache ainue mkono juu ya kichwa kwa mwezi mzima. Wakati mmoja alinipigia Jumatano, siku ambayo si yake ya kupiga, akiwa bado hospitalini mashine ikimsafisha damu, akaniambia amewaza sana usiku kucha na anadhani Beatrice analalia upande mbaya. "Mwulize," akasema. Baada ya siku tatu nikamwambia nimemwuliza, na ni kweli, alikuwa akilalia upande mbaya.

Kwa mwaka mmoja na miezi kadhaa niliishi hivyo. Mgongo wangu ulirudia kuuma. Nikawa nikimeza vidonge, na Jumamosi nikimwambia niko sawa. Sheria yake niliikumbuka. Pumzi saba sikuwa nimezisahau. Lakini kila nilipolala chali nizivute, nilikuwa nikiona kiti kando ya kitanda na yeye amekaa, na nikageukia ukutani.

Nilikwenda Bungoma kwa sababu ya semina ya kampuni moja ya mbegu. Nisingekwenda kwake, lakini nilikosea nikamtajia. "Njoo asubuhi kabla ya semina yako," akasema. "Nina watu nataka wakuone."

Nilimkuta uani kwa binti yake. Alikuwa amepungua mpaka nguo zilimvaa badala ya yeye kuzivaa. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na uvimbe mrefu chini ya ngozi, pale wanapomchomeka mashine, na alikuwa akiubeba kwa uangalifu kama mtu aliyebeba mayai. Midomo ilikuwa imekauka. Maji alikuwa anapimiwa, kikombe kimoja asubuhi na kimoja jioni. Lakini alikuwa amevaa trakisuti, na nyuma yake, juu ya mikeka chini ya mabati, walikuwa wanawake watano.

"Huyu ndiye," akawaambia.

Wote wakainuka. Mmoja, Mama Nekesa, mama wa makamo ambaye kiharusi kilimpiga mwaka uliopita, alinishika mkono kwa mkono wake mzima na kuung'ang'ania, akinisalimu kwa Kiluhya.

"Mulembe, mama. Kumbe ndiwe! Sisi hapa tunakujua. Tukitaka kulala Mwalimu anatuambia, 'Saa hii wale wa Kitale wako chini, na huko ni baridi kuliko hapa.' Mimi nilikuwa siamki hata kitandani. Nikasema, kama yule mwenye duka na kazi yote hiyo hajakosa siku, mimi ni nani?"

Nadhani nilitabasamu. Mwalimu akasema, "Leo yeye ndiye atatuongoza. Mimi nipumzike."

Nikavua viatu. Hakuna mahali pa kujificha kwenye mkeka. Tulipofika kwenye kuokota maharagwe mikono yangu iliishia magotini. Nilijisukuma, mgongo ukashtuka, nikatoa sauti. Kwenye korongo nilishika nguzo. Wale wanawake walinifuata bila kushuku kitu, wakishika nguzo nao, wakidhani ndivyo inavyofanywa. Mwalimu alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki. Nilimtazama mara moja tu. Alikuwa ananiangalia miguu, kisha mgongo, kisha uso, polepole, na miwani yake ilikuwa imeshuka puani.

Tulipomaliza tulipewa chai na viazi vitamu. Hapo Mama Nekesa akaingia ndani akarudi na kitu kimefungwa kwenye leso. Ulikuwa mto mdogo, mrefu kidogo kuliko mkono wangu, umeshonwa kwa mkono. Mishono ya upande mmoja ilikuwa imepinda na kuachana, kama mwandiko wa mtoto. Ya upande wa pili ilikuwa imenyooka zaidi.

"Nilianza na huu mkono mbovu kwa sababu Mwalimu alisema nisiupumzishe," akasema. "Miezi miwili. Ni wa Beatrice. Auweke chini ya bega akilala. Mwambie aliyeshona anamwombea."

Niliupokea kwa mikono miwili. Nikasema asante. Wanawake wakapiga makofi.

Mwalimu alisema atanisindikiza mpaka kwenye geti. Ni hatua kama thelathini, na alipumzika mara mbili. Pale getini hakuniuliza chochote. Alingoja, kama alivyongoja siku ile nilipolia.

"Hakuna Beatrice," nikasema.

"Hayuko siku hizi?"

"Hakuwahi kuwako. Na hakuna darasa, Mwalimu. Tangu mwezi wa tatu wa mwaka jana. Ghala sijalifungua."

Aliweka mkono juu ya geti. "Goti la Mama Wafula?"

"Sijui. Hatuongei mambo ya goti."

Nilitaka anifokee kama alivyomfokea yule mtu wa mashine ya mahindi. Ningeweza kubeba hilo. Lakini alisema kwa sauti ya chini, akitazama barabara, "Unajua mimi nilipofika hapa nilifanya nini? Miezi minne sikufanya kitu. Hata hizo pumzi saba sikuvuta. Nilikuwa nalala nikitazama ukuta, natamani hiyo mashine inishinde niende. Na kila Jumamosi nakupigia unaniambia sita. Sita, Mwalimu. Ningekuambia nini? Mimi niliyewatesa na sheria zangu, nikuambie nimeshindwa, na nyinyi hamjakosa?"

"Sikujua."

"Ungejuaje? Mimi pia sikukuambia." Akafuta mdomo kwa ncha ya kitambaa. "Niliinuka kwa aibu, Mama Brian. Aibu ya watu ambao hawako. Unaona hawa wanawake? Nimewainua na hiyo hiyo. Ati leo niseme nini kwao?"

"Nitarudi niwaambie mwenyewe."

"Hutarudi," akasema, na sasa hasira ilikuwa imefika. "Yule mama ameshona miezi miwili. Unaenda kumwambia nini, ndio wewe ujisikie vizuri? Enda kwa semina yako." Akageuka. Hakuwa ameenda hatua tatu alipopumzika, mgongo wake ukiwa kwangu. "Ulipokuwa umekatwa tumbo sikukuambia ufanye kama mimi," akasema bila kugeuka. "Nilikaa na wewe. Mimi nilitaka tu mtu wa kushindwa pamoja naye."

Akaendelea na safari yake ya hatua thelathini. Nilisimama nje ya geti na ule mto mpaka nikasikia wale wanawake wakimkaribisha na mtu akacheka. Semina sikwenda.

Jumamosi ile simu haikulia. Wala iliyofuata. Nilimweleza Mama Wafula yote, naye akaniambia kwamba Mwalimu alimpigia mara moja mwaka jana, na yeye pia alimwambia goti linaendelea vizuri. Nilifungua ghala nikalikuta limejaa magunia ya yule shemeji, aliyekuwa na ufunguo wake, mpaka mlangoni. Nilijaribu asubuhi mbili chumbani kwangu. Ya tatu lori la mbolea lilikuja mapema.

Jumamosi ya nne alinipigia.

"Uko wapi?"

"Dukani."

"Umefanya leo?"

Wateja walikuwa wamesimama mbele yangu, mmoja akigonga kaunta kwa funguo zake. Niliwapa mgongo.

"Sijafanya, Mwalimu. Hata jana. Mgongo unauma na nimekuwa naogopa kulala chini."

Nikasikia kitanda chake kikilia, kama mtu anayejigeuza kwa shida.

"Haya," akasema. "Hata mimi leo sijafanya."

Hakuna aliyekata simu.